Kwenda Tribinali Bila Avoka: Talaka ya Mtu wa Bijombo

Sheria ya Kongo haimlazimishi mtu kuwa na wakili ili avunje ndoa yake. Sheria ya Familia ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa tarehe 15 Julai 2016, inamruhusu anayetaka talaka afike kwa mkuu wa Mahakama ya Amani na kutoa ombi lake kwa maandishi au kwa mdomo. Akilitoa kwa mdomo, karani huliandika. Sheria ya mashauri ya madai ya tarehe 7 Machi 1960, ambayo bado inaongoza kazi za mahakama hizo, nayo inakubali mtu ajisimamie mwenyewe. Kwa hiyo wanaouliza, mjini Uvira, Kivu ya Kusini, na kule milimani, kama inawezekana kwenda tribinali bila avoka, jibu lao ni fupi: inawezekana. Lililo gumu ni kujua nani atatoka salama akienda peke yake, na nani ataacha huko nyumba na watoto kwa kutaka kuokoa pesa za avoka.

Ni vizuri kulitazama jambo hili kutoka Bijombo, maana huko ndiko hesabu yake inapouma. Gurupma ya Bijombo iko kwenye nyanda za juu, Hauts Plateaux kama zinavyoitwa, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ndani ya cheferi ya Bavira. Mahakama ya Amani iko mjini Uvira, kando ya Ziwa Tanganyika, kwenye mita 770 hivi. Katikati ni mteremko wa kushukwa kwa miguu na, tangu mapigano yalipopamba moto mwaka 2018 na 2019, ni njia ya vizuizi na hofu pia. Anayeshuka kwa ajili ya kesi hulipia chakula cha njiani, hulala kwa ndugu Kavimvira au Kasenga, kisha siku ya kesi anaambiwa imeahirishwa. Akipanda, itabidi ashuke tena. Akibaki mjini, nani atamlimia shamba, nani atawaangalia watoto? Bei ya avoka huonekana kubwa kwa sababu hutajwa kwa dola, tena siku moja. Gharama ya njia haionekani kwa sababu hutoka kidogo kidogo. Anayesema "nitajisimamia, sina pesa" bila kuhesabu mara atakazoshuka na kupanda amehesabu nusu tu, kwa sababu avoka anayeishi Uvira anaweza kuhudhuria vikao vingi kwa niaba yake wakati yeye yuko nyumbani na ng'ombe wake.

Lakini kabla ya avoka na kabla ya hakimu kuna watu wengine. Ndoa ya milimani, iwe ya Banyamulenge, Bafuliiru, Banyindu au Bavira, hufungwa na familia mbili kwa mahari, na ikiharibika familia hizo hizo ndizo hukaa kikao. Wazee husikiliza, mchungaji huitwa, chefu wa lokalite huandika barua. Mara nyingi kikao hicho hutosha kuwatenganisha watu: mke anarudi kwao, mume anaoa mwingine, majirani wanasema wameachana. Mbele ya sheria bado ni mume na mke. Talaka nchini Kongo hutokana na hukumu ya mahakama peke yake. Barua ya chefu si hukumu. Muhuri wa kanisa si hukumu. Hata talaka anayoitamka mume Mwislamu wa Uvira mbele ya mashahidi haiivunji ndoa ambayo serikali imeiandika, tofauti na Kenya, ambako katiba yenyewe inazitambua mahakama za Kadhi. Na sheria inakataza kufunga ndoa mpya kabla ya ile ya kwanza kuvunjwa. Wanaume wengi hawalijali katazo hilo hadi siku mmoja wao anapofariki, na wajane wawili wanakutana mbele ya mlango wa nyumba moja.

Sisemi kikao cha familia hakina maana. Kinyume chake: kikao kilichofanywa vizuri ndicho kinachomwezesha mtu kwenda mahakamani bila avoka. Kama wazee wa pande zote mbili wameshakubaliana kwamba ndoa imekufa, watoto wanakaa wapi, na mahari inazungumzwaje, hakimu hukuta jambo limeiva. Wanaomfaa mlalamikaji hapo ni wale waliokuwepo mahari ilipotolewa. Avoka hakuwepo.

Hatua ya kwanza ya mahakamani nayo inaendana na hali hiyo. Sheria ya Familia inaanza na usuluhishi: hakimu humsikiliza mwenye ombi, humpa mashauri yake, kisha huwaita mume na mke mbele yake faraghani, si mbele ya umati. Hapo wenyewe ndio wanaotakiwa waonekane na kusema. Nimesikia watu wakieleza kwamba waliogopa hatua hii kuliko zote, na naielewa hofu yao, hasa ya mwanamke ambaye mumewe amemzoeza kunyamaza. Hata hivyo hapa ndipo wakili ana kazi ndogo kuliko popote. Hakimu anataka kujua kama kuna kilichobaki cha kuokoa, na hilo halisemwi vizuri na mtu wa kulipwa. Kama kuna kipigo, basi hali ni nyingine. Kumkalisha mtu aliyepigwa chumba kimoja na aliyempiga, bila anayemjua wa kumsindikiza hadi mlangoni, ni hatari, na hilo hakimu aelezwe siku ile ile ombi linapoandikwa.

Usuluhishi ukishindikana, kesi yenyewe inaanza, na hapo mambo yanabadilika. Tangu 1987 sheria ya Kongo haidai kwamba mmoja athibitishwe kuwa mkosaji. Inauliza kama muungano umeharibika kiasi cha kutorekebishika, yaani kama kuishi pamoja na kulinda familia havimkiniki tena. Kwa jambo hili Kongo ilitangulia nchi zinazojisifu kwa sheria zao: Uingereza iliwaruhusu wanandoa waachane bila kulaumiana wala kuishi mbali kwanza kuanzia tarehe 6 Aprili 2022 tu. Anayejisimamia afahamu maana ya hilo. Hahitaji kumchafua mwenzake. Anahitaji kuonyesha kwa mambo ya kweli kwamba nyumba imevunjika: wameishi mbali tangu lini, vikao vingapi vya familia vimeshindwa, nani aliona nini. Wasio na wakili hukosea mara nyingi hapa kwa kumwaga kila hasira waliyo nayo, wakitaja hata uzinzi, bila kujua kwamba uzinzi nchini Kongo ni kosa la jinai na kwamba neno hilo likishaandikwa linaweza kuzaa kesi nyingine. Maneno machache yenye tarehe na mashahidi yana nguvu kuliko kurasa za matusi.

Kisha kuna suala la karatasi, na hili ndilo linalowaumiza watu wa Bijombo kuliko yote. Ili uvunje ndoa lazima uonyeshe kwamba ipo. Sheria inataka ndoa iliyofungwa katika familia ikaandikishwe kwa ofisa wa hali ya raia. Ndoa nyingi za milimani hazijawahi kuandikishwa. Zilizoandikishwa, vyeti vyake vimepitia vita, kukimbia usiku, na maji. Mafuriko ya mto Mulongwe ya Aprili 2020 peke yake yalibomoa maelfu ya nyumba mjini Uvira, na miaka iliyofuata ziwa lenyewe likapanda hadi kwenye vyumba vya watu, pamoja na masanduku yao. Anayekwenda mahakamani bila cheti atahitaji kwanza kuthibitisha ndoa kwa njia nyingine: mashahidi wa mahari, jinsi jamii ilivyowajua kuwa mume na mke, vyeti vya kuzaliwa vya watoto vyenye majina ya wote wawili, hata kadi za wakimbizi kama walipitia kambini. Mpinzani mwenye avoka ataanzia hapo hapo. Atasema hapakuwa na ndoa, kwa hiyo hakuna talaka, kwa hiyo hakuna mali ya kugawana. Mwanamke aliyeishi na mtu miaka mingi na kumzalia watoto anaweza kusimama kimya mbele ya hoja hiyo kwa sababu hajawahi kufikiri kwamba mtu angeweza kuitamka. Basi ndoa isiyo na cheti ni sababu ya kwanza nzito ya kutafuta wakili.

Sababu ya pili ni mali, na hapa nitakaa kidogo.

Wanandoa wasipochagua mpango mwingine, sheria ya Kongo inawaweka katika ushirika wa mali walizochuma ndani ya ndoa. Alichokuja nacho kila mmoja ni chake. Walichopata pamoja ni cha wote wawili, na tangu 2016 sheria haimfanyi tena mume kuwa msimamizi pekee. Kwenye karatasi ni haki nzuri. Lakini Uvira kiwanja huandikwa jina la mwanamume hata kama pesa zilitoka kwenye biashara ya ndagala au vitenge ya mke wake. Milimani, shamba ni la ukoo kwa desturi, wakati sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema ardhi yote ni ya serikali. Mke hulilima na mume huliita lake, na hakuna hata mmoja wao mwenye hati. Anayejisimamia na kumwambia hakimu "nataka haki yangu" hajaomba kitu. Hakimu hutoa kilichoombwa na kuthibitishwa: kiwanja kile, avenyu ile, kilinunuliwa mwaka fulani kwa fulani, mashahidi ni hawa, risiti ya mabati ni hii.

Tanzania inatupa mfano ambao kila mama anayefikiria talaka angefaa kuusikia. Katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, mwaka 1983, Mahakama ya Rufani iliamua kwamba kazi za nyumbani za mke, kupika, kulea, kutunza nyumba, ni mchango katika kupata mali ya ndoa. Uamuzi huo ulibadilisha talaka za Watanzania tangu siku ile. Bi Hawa mwenyewe hakuambulia nyumba. Mahakama iliona kwamba mumewe alikwisha kumpa pesa za kuendeshea biashara naye akazitapanya, hivyo fungu lake lilikuwa limekwisha kuliwa. Ushindi wa hoja ukabaki kwa wengine. Katika mali, kuwa na haki ni hatua moja na kuionyesha kwa hesabu ni hatua nyingine, na ile ya pili ndiyo huwashinda watu waliokwenda peke yao.

Ng'ombe ndio wenye ugumu wao wenyewe. Mahari ya milimani ni ng'ombe, na familia ya mume mara nyingi hudai warudi ndoa inapovunjika. Je, ng'ombe walioporwa na wenye silaha warudishwe na nani? Na ndama waliozaliwa kabla ya uporaji? Na kama mke ameshazaa watoto sita? Hakimu akilazimika kutumia desturi, sheria ya mahakama ya tarehe 11 Aprili 2013 inamtaka aketi pamoja na wazee wawili wanaoijua desturi hiyo. Avoka kijana aliyesomea Bukavu huenda asijue chochote kuhusu ndama. Baba mdogo wa mlalamikaji anajua. Kwa hili ningeshika shahidi mmoja mwenye kumbukumbu nzuri kabla ya kushika wakili.

Watoto nao ni kama mali katika ubishi wa familia, ingawa sheria haitaki wawe hivyo. Ukoo wa mume husema mahari ilitolewa, watoto ni wetu. Sheria inamtaka hakimu aangalie maslahi ya mtoto. Ombi la kulea mtoto liandamane na ombi la matunzo, na likisahauliwa katika ombi la kwanza ni kazi kulirudisha baadaye. Wasio na wakili hulisahau mara kwa mara, kwa aibu au kwa kudhani litakuja lenyewe.

Kuna pia suala la lugha. Mbele ya hakimu wa Uvira mtu anaweza kusema Kiswahili, na kwa bibi wa Bijombo anayejua Kinyamulenge tu hutafutwa mkalimani. Lakini hati ya wito ni Kifaransa, hoja za mpinzani ni Kifaransa, hukumu ni Kifaransa. Hukumu haisomwi tu na kwisha. Hupelekwa rasmi kwa aliyeshindwa, na kuanzia hapo siku 30 za kukata rufaa zinahesabiwa. Mtu aliyepewa karatasi hiyo sokoni, akaikunja na kuiweka kwenye kitenge akisubiri mwanawe arudi shuleni aisome, anaweza kupoteza rufaa bila kujua kwamba alikuwa nayo. Rufaa yenyewe huenda Mahakama Kuu ya Uvira, mji ule ule, hivyo umbali hauongezeki. Kinachoongezeka ni ufundi. Katika Mahakama ya Amani hakimu humvumilia mtu wa kawaida. Huko juu uvumilivu hupungua.

Tanzania ilijaribu njia nyingine kabisa. Kwa miongo mingi mawakili hawakuruhusiwa kabisa katika Mahakama za Mwanzo, na mamilioni ya watu walijisemea kwa Kiswahili mbele ya hakimu anayeandika kwa Kiswahili. Sheria ya Ndoa ya 1971 pia inawataka wanandoa wapitie kwanza baraza la usuluhishi. Mfumo huo una kasoro zake, ila unathibitisha jambo moja: mtu wa kawaida anaweza kabisa kuendesha talaka yake pale lugha ya mahakama ni yake na upande wa pili nao hauna wakili. Uvira sharti la kwanza limetimia nusu. La pili humtegemea mwenzako.

Hilo la mwenzako lina uzito kuliko watu wanavyofikiri. Mume na mke wote wawili wakienda peke yao, hakimu huwalinganisha kwa urahisi. Mmoja akija na avoka na mwingine mikono mitupu, mizani inaanza kuinama kabla mtu hajafungua mdomo. Kwa sababu hiyo mtu asiamue mara moja na kubaki hapo. Aanze peke yake ikibidi, na siku atakapoona koti jeusi la avoka upande wa pili aombe muda wa kutafuta msaada.

Na kama mwenza hayuko kabisa? Familia za Bijombo zimetawanyika: Gatumba na Bujumbura ng'ambo ya mpaka, Nyarugusu huko Kasulu tangu 1996, Marekani kwa waliopewa makazi. Anayeishi nje ya nchi hupewa miezi mitatu tangu wito utolewe. Asiyejulikana aliko, wito wake hubandikwa kwenye mlango wa mahakama na muhtasari wake hutangazwa katika gazeti rasmi la serikali. Kosa dogo katika hatua hizi hufanya hukumu iweze kuvunjwa baadaye na mtu anayerudi na kusema sikuwahi kuitwa. Kesi ya namna hii nisingemshauri ndugu yangu aiendeshe peke yake, hata kama hakuna mali wala mtoto.

Msaada si lazima uwe avoka wa bei kamili. Kuna watetezi wa mahakamani, wasio mawakili wa Baraza la Mawakili, wanaoruhusiwa kusimama mbele ya Mahakama ya Amani na Mahakama Kuu, na bei zao huwa chini. Sheria ya mawakili ya tarehe 28 Septemba 1979 inalitaka Baraza la Mawakili liwe na ofisi ya ushauri wa bure kwa wasiojiweza. Baraza la Kivu ya Kusini liko Bukavu, mji uliotekwa na waasi wa M23 Februari 2025, na vita vyenyewe vikashuka hadi Uvira Desemba mwaka huo, hivyo ofisi iliyoko kwenye karatasi na ofisi yenye mtu ndani ni vitu viwili. Asiye na uwezo anaweza pia kumwomba mkuu wa mahakama amwondolee gharama, kwa cheti cha kuthibitisha umaskini wake. Wa kuepukwa ni wale wazee wa uwanjani wanaojiita "wanajua karani". Hao huchukua pesa za avoka bila kufanya kazi yake.

Njia ambayo watu hawaifikirii ni kununua kipande tu cha kazi ya wakili. Mlalamikaji asimame mwenyewe kwenye usuluhishi, alete wazee wake, aseme Kiswahili chake. Lakini kabla ya ombi kuandikwa, amlipe avoka au mtetezi kwa saa moja ya kuliangalia: je, ndoa imethibitishwa, je, mali zimetajwa moja moja, je, matunzo ya watoto yameombwa? Amlipe tena kwa kumsomea hukumu ikitoka, ndani ya zile siku 30. Maavoka wengine hawapendi kazi ya vipande. Wapo wanaoikubali, na kwa mtu wa Bijombo asiye na kiwanja mjini wala mpinzani mwenye koti jeusi, naiona kuwa inatosha. Mwenye nyumba mtaa wa Mulongwe mjini Uvira, yenye jina la mume, asijaribu.

Hata hukumu ikishatoka na siku za rufaa kupita, ipo kazi moja isiyohitaji wakili yeyote. Nakala ya hukumu ipelekwe kwa ofisa wa hali ya raia ili talaka iandikwe pembeni ya cheti cha ndoa. Wengi huishia kwenye ngazi za mahakama na nakala yao mkononi, wanapanda mlima nayo, na katika daftari la serikali mjini Uvira wanabaki kuwa wanandoa.